Silikanti usimfuate kilindini

Mwanangu,

Ujumbe wako mama yako kanisomea mara mbili, maana miwani nimeikalia. Alhamdulillahi viza imetoka. Huko Makhanda, Afrika Kusini, unakokwenda ndiko alikokuwa Smith, yule mtaalamu aliyempa silikanti, samaki wa kilindini, jina la kisayansi mwaka 1939, baada ya Bibi Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji wa East London, huko huko Afrika Kusini, kumkuta kwenye lundo la samaki wa meli ya uvuvi. Mtaa mzima nimeutangazia; hata muuza mkaa anajua unakwenda.

Lakini hilo la kozi ya kuzamia silipendi. Mwaka 2000 wazamiaji walimwona silikanti huko Sodwana, pwani ya nchi hiyo hiyo, zaidi ya mita 100 chini. Mwezi uliofuata walirudi kumpiga picha, mmoja wao akafa. Hilo mbona hukuliandika?

Samaki unapasua wewe, basi nisahihishe. Changu ana boya lenye hewa, ndiyo maana akivutwa haraka toka kilindini tumbo humtokea mdomoni. Silikanti pafu lake limebaki kibaki tu, limezungukwa na mafuta, na mahali pa pingili za uti wa mgongo ana mrija wenye majimaji. Maji yatambana nini? Wewe kifua chote hewa. Kwa hilo wewe ni changu, mama.

Unaniambia wataalamu wa siku hizi wametuweka na sisi ndani ya samaki wa mifupa, tawi la wenye mapezi ya nyama, na kwamba kamongo ni ndugu yetu wa karibu kuliko silikanti. Sikatai. Bibi yako kauliza ndugu gani huyo hajaonekana hata msibani. Lakini hata kamongo hupanda juu kuvuta hewa, hana ubishi kama wako.

Si kuna zile mashine za kamera zinazoshushwa kwa waya? Zitumie hizo. Hapa Tanga sijasikia aliyewazamia silikanti. Miaka ile ya 2000 nyavu za jarife ndizo zilizowatoa, mpaka hifadhi yao ikatangazwa 2009. Elimu yako inatosha bila kulowa.

Kuogelea ulifundishwa na mjomba wako mimi nikiwa safarini, na nilivyokupokea siku ile najua hujasahau. Ni woga tu, mwanangu. Hata sasa ni huo huo.

Cheti chako cha kuzaliwa kimo sandukuni kwa bibi. Atakuja nacho mdogo wako Jumamosi. Toa fotokopi, chenyewe akirudishe. Chukua na sweta zito, Juni kule ni baridi kali. Bati la jikoni bado linavuja, fundi kala arubuni kapotea. Mpangaji wa uani kaahidi kulipa wiki hii. Akilipa, nusu nakutumia ya matumizi. Ya kozi ya kuzamia sitoi.

Baba yako