Ile 110 ya katikati

Swahiba,

Salamu nyingi, na kimya changu nisamehe, tutagombana siku nyingine. Nimezipata ramani zako za ile galaksi uliyoipima kwa KMOS, kile chombo cha darubini kinachochambua nuru ya kila sehemu ya galaksi, na nakuomba usimpelekee Mzee kwanza. Ramani ya kasi inapendeza: upande mmoja unatujia, wa pili unatukimbia, diski inazunguka bila wasiwasi. Kinachonikera ni mtawanyiko wa kasi (yaani kasi za gesi ya mahali pamoja zinavyotofautiana) pale katikati, kilometa 110 kwa sekunde, na ile sentensi yako kwamba gesi "inachemka kupita kiasi".

Haichemki. Au tuseme, 110 si ushahidi kwamba inachemka. Hewa imeitandaza picha yako kwa sekunde ya tao 0.6 (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii), sawa na pikseli tatu za chombo. Kwa galaksi tunayoiona ilivyokuwa miaka zaidi ya bilioni 10 iliyopita, hiyo ni kama miaka ya nuru 16,000, karibu kiini kizima cha diski. Na hapo katikati ndipo kasi inaporuka kutoka -130 hadi +130 ndani ya hatua chache. Nuru ya pande zote mbili ikimwagikia pikseli moja, mstari wa haidrojeni, ile rangi moja ya nuru yake tunayosomea kasi, utapanuka tu, hata gesi iwe imetulia kama maji ya mtungini.

Basi achana na katikati. Pima kingoni, kwenye mhimili mrefu, pale mchoro wa kasi unapolala bapa. Huko mwenyewe umepata 60. Ondoa mchango wa chombo: kikiwa na uwezo wa kutenganisha rangi za nuru wa karibu 4,000, chenyewe hupanua mstari kwa kama 32. Unatoa miraba, 3,600 toa 1,024, kisha kipeuo chake: 51. Usitoe 32 kwenye 60 moja kwa moja kama yule bingwa wetu wa grafu, maana sitakutetea.

Na 51 ni ya kawaida kabisa kwa enzi ile! Diski za leo gesi yake iliyoainika (atomi zake zimepoteza elektroni) ina 20 hadi 25 hivi. Zile za kale nusu ya uzito wake ilikuwa gesi, na gesi mpya ikizidi kuingia. Diski nzito namna hiyo hukatika mabonge, mabonge huvutana na kuikoroga gesi, mtawanyiko unapanda mpaka diski inusurike kubomoka. Mwanafalaki Toomre alilionyesha sharti hilo la kunusurika mwaka 1964, kwa diski za nyota. Gesi ikipungua, diski inatulia na kuwa nyembamba. Kama mkorogo unatoka zaidi kwa nyota zinazolipuka au kwa gesi inayoteremkia katikati, watu bado wanavutana. Wewe kwa galaksi moja usijiingize.

Kuna jambo dogo ambalo si dogo. Kwa mwinamo wa digrii 60, yaani diski ilivyolala kwetu, ile 130 ni 150 halisi. Lakini gesi yenye msukosuko hujibeba kiasi kwa shinikizo lake, kwa hiyo huzunguka polepole kuliko mvutano unavyodai. Chukua mraba wa 150, jumlisha mara mbili ya mraba wa 51 uliozidishwa kwa 2.2 (ndiko ulikopimia, mara 2.2 ya ule urefu ambao mng'ao wa diski hufifia hadi kama theluthi, kutoka katikati), kisha tafuta kipeuo: 184. Ukiruka hatua hii unaipunja galaksi theluthi ya uzito wake, halafu mchoro unainama kingoni nawe unatangaza maada giza haipo. Mzee atakula nyama yako mbichi.

Narudi kwenye 110, samahani, imenikaa kooni. Ukitaka kuitumia, tengeneza diski ya kubuni yenye 51 kila mahali, itandaze kwa umbo la picha ya nyota iliyopigwa usiku uleule, uone katikati inatoa ngapi. Ikitoa 100 na kitu, hadithi imeisha. Isipotoa, basi huenda kuna upepo wa gesi, au shimo jeusi linakula, na hapo nitakuomba radhi.

Sasa nijibu. Nyota ya kulinganishia unayo? Mwinamo uliupata kwenye picha ya nyota au uliuacha huru kwenye programu? Umeangalia kama mstari haukuangukia mistari ya haidroksili ya angahewa yetu? Na nani alikuambia uchore rangi nyekundu, badala ya buluu, kwa upande unaotujia?

Wako yuleyule