Tangi la Columbia mwaka 1981 lilikuwa jeupe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe jambo lililonikwaza katika ukurasa wa watoto wa Jumamosi iliyopita. Mlichapisha picha ya mfano mdogo wa chombo cha anga cha Marekani, kile kilichokuwa kikipaa kama roketi na kutua kama ndege, na chini yake mkaandika kwamba hiyo ni Columbia ikianza safari yake ya kwanza. Mfano ni mzuri, lakini si Columbia ya siku ile. Tangi lake kubwa la nje lina rangi ya kahawia inayokaribia chungwa, ilhali wanaanga John Young na Robert Crippen walipoondoka Florida Aprili 12, 1981, tangi lao lilikuwa limepakwa rangi nyeupe. Rangi hiyo ilikusudiwa kulinda povu la kuhami joto dhidi ya miale ya jua. Ilipobainika kwamba povu linahimili bila rangi, iliachwa kuanzia safari ya tatu, Machi 1982, na chombo kikapunguziwa uzito wa kilo zipatazo 270.

Wapo watakaosema kwamba rangi ya tangi ni jambo dogo kwa mtoto wa darasa la sita. Mimi naona kinyume chake, kwa sababu mtoto akiona tangi jeupe na tangi la kahawia atauliza kwa nini lilibadilika, na akishauliza hivyo amekwisha kuingia katika somo la uzito wa chombo na nguvu ya kukiinua.

Jina nalo limewekwa pasipo pake. Columbia ya mwanzo ilikuwa na jina kwenye milango ya sehemu ya mizigo, nyuma ya chumba cha marubani. Challenger, chombo kilichoifuata Columbia angani, ndiyo iliyokuja na jina chini na nyuma ya madirisha, mahali linaposomeka hata milango ikiwa wazi angani. Simlaumu aliyetengeneza mfano huo, kwani kisanduku cha vipande vya plastiki vya skeli ya 1:72 (kila kipimo kimegawanywa kwa 72) nilichokinunua mimi mwenyewe kilikuwa na kosa hilohilo: nje kimeandikwa Columbia, ndani mna stika za chombo cha baadaye. Nilizikata herufi kwa wembe, moja moja, nikazipanga upya kwa kibano huku picha ya mwaka 1981 ikiwa mbele yangu mezani. Kisha nikapaka rangi nyeusi sehemu ya mbele ya juu ya kila bawa, pale linapoungana na kiwiliwili, alama ambayo hakuna chombo kingine kati ya hivyo kilichokuwa nayo.

Vigae ndivyo vilivyonifundisha zaidi. Columbia ilifunikwa kwa vigae vya kuhami joto zaidi ya 30,000, na vile vyeusi vya tumboni vilikuwa na upande wa sentimita 15 hivi, yaani milimita 2 tu katika skeli hiyo. Nilichora mistari yote kwa sindano kwa majuma matatu, hadi nilipopiga hesabu nikagundua kwamba mwanya halisi kati ya kigae na kigae ulikuwa wa milimita moja au zaidi kidogo, kwa hiyo katika mfano wangu haukupaswa kuonekana kabisa. Nikaijaza mistari yote, nikapiga msasa, nikapaka rangi upya, na safari hii nikatofautisha vigae vichache kwa penseli laini tu.

Mwalimu anayetaka kuanza na kazi nyepesi achukue Enterprise, chombo cha majaribio kilichoitangulia Columbia, iliyozinduliwa Palmdale, California, Septemba 1976 na kufanyiwa majaribio ya kutua mwaka uliofuata. Badala ya vigae halisi ilivikwa kwa sehemu kubwa povu lililoigiza umbo la vigae hivyo, na katika safari zake tatu za kwanza za kujiachia kutoka mgongoni mwa ndege ya Boeing 747, sehemu yake ya nyuma ilifunikwa kwa koni kubwa, hivyo hakuna haja ya kuchonga midomo ya injini. Isielezwe tu kwa watoto kwamba ilikwenda angani, kwa sababu haikwenda.

Ninaomba toleo lijalo la ukurasa huo lichapishe picha halisi ya Aprili 12, 1981 kando ya ile ya mfano, watoto wazitafute tofauti wenyewe. Mfano wangu nao niko tayari kuuleta ofisini kwenu upigwe picha.

Msomaji wenu,
Morogoro