Kilimia hakikai mkao mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe jambo moja katika makala ya sayansi mliyoichapa juma lililopita, ambamo mwandishi alidai kwamba Kilimia, lile fungu la nyota, kimekuwa vilevile tangu kuumbwa na kitabaki hivyo daima. Ni kweli kwamba wahenga waliosema "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua" walikiona kama tukionavyo sisi leo hapa Moshi, kikichomoza kulia kwa Mawenzi jioni za Novemba. Lakini fungunyota la aina hii hubadilika umbo, ila kwa mwendo ambao maisha ya mtu hayatoshi kuushuhudia.

Kilimia kina umri wa miaka milioni 100 na ushei. Macho huona nyota sita au saba, ilhali zimo zaidi ya 1,000, zote zimezaliwa katika wingu moja la gesi. Mafungunyota mengi husambaratika yangali machanga, kwa sababu nyota kubwa hufukuza gesi iliyobaki, na kumbe uzito wa gesi hiyo ndio uliosaidia kuzishikilia.

Yanayonusurika huingia kwenye ungo. Mama akipepeta mpunga, punje nzito hubaki na makapi hupeperuka. Vivyo hivyo nyota zinapopishana huvutana na kugawana mwendo, zile nzito zikipungukiwa kasi na kuzama katikati, nyepesi zikiongezewa kasi na kusogea pembezoni, hadi moja moja zinaponyoka. Mfano wangu una kasoro, maana huku hakuna mpepetaji: nyota hutikisana zenyewe, na mvutano wa galaksi yetu huzichukua zilizofika ukingoni.

Anayetaka kuona hatua ya mbele atazame alama ya V iliyo chini kidogo ya Kilimia, iitwayo Hyades, yenye umri wa miaka milioni 600 na zaidi. (Aldebaran, ile nyekundu inayong'aa kuliko zote hapo, si mwenzao, imesimama njiani tu, karibu nasi zaidi.) Mwaka 2019 vipimo vya Gaia, chombo cha angani kinachopima mahali na mwendo wa nyota, viliwawezesha wanaastronomia kutambua mikia miwili ya nyota zilizokwisha kulihama fungu hilo, mmoja ukitangulia na mwingine ukifuata nyuma, yenye urefu wa mamia ya miaka nuru (mwaka nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Kilimia nacho kinakadiriwa kutawanyika baada ya miaka milioni 250 hivi.

Naomba sahihisho lichapwe mapema, kwani watoto wa jirani yangu wamekwisha kuinakili sentensi ile katika daftari zao za sayansi.

Msomaji wenu,
Moshi