Tulinde ardhi iliyo juu ya mapango

Ndugu Mhariri,

Mjadala wa Mapango ya Amboni, hapa Tanga, kwa kawaida huishia mlangoni: kiingilio, taa, walinzi. Naomba nafasi niseme juu ya ardhi iliyo juu ya mapango, kwa kupitia habari za samaki.

Mbanza-Ngungu, magharibi mwa Kongo, kuna samaki wa pangoni asiye na macho wala rangi, Caecobarbus geertsii, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1921. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Vizuri, ila mkataba hauzuii mji kupanuka juu ya mapango yake, wala machimbo ya mawe.

Kiini cha tatizo ni jiwe lenyewe la mapango, yaani mawe ya chokaa. Mchanga huchuja maji, chokaa haichuji. Mvua huzama kwenye nyufa na mashimo, ikabeba maji ya vyoo na dawa za shambani hadi pangoni, pengine kwa siku chache tu. Uchafu ukioza humaliza oksijeni majini. Samaki hawa hukua polepole, kwa hiyo wakipungua hawarudi upesi.

Marekani walilielewa hilo kwa samaki mwingine wa pangoni, Speoplatyrhinus poulsoni, anayejulikana katika pango moja tu, Key Cave, jimboni Alabama. Mwaka 1997 ilianzishwa hifadhi ya ekari 1,060 juu ya ardhi, na sehemu ya mashamba ikarudishwa kuwa majani. Samaki mwenyewe hakuguswa.

Jambo la pili ni popo. Kinyesi chao hulisha vijidudu, navyo huliwa na samaki. Ukiweka lango la nondo za wima au wavu, popo huhama na chakula kinakatika. Nondo zilazwe, zikiachana kama sentimita 15. Popo wanaokula matunda hata hapo hupita kwa shida. Kwao afadhali ua wa nje, mbali na mdomo wa pango.

Amboni nayo ni chokaa. Kwanza tujue maji yake yanatoka wapi, kwa kumwaga rangi huko juu na kuangalia inatokea wapi. Vifuko vya mkaa maalumu wa kunasa rangi vitegwe kwenye chemchemi na Mto Mkulumuzi wiki moja kabla ya kumwaga chochote, kwani sabuni za kufulia zina ving'arishi vinavyoweza kuvuruga majibu. Kisha rangi ya fluoresini imwagwe kwenye shimo linalomeza maji wakati wa mvua, na vifuko vibadilishwe kila wiki. Wanavijiji na mamlaka ya maji waarifiwe mapema, maana maji yakitoka ya kijani watu watadhani ni sumu.

Shimo litakalothibitika kulisha mapango lizungushiwe ukanda usiolimwa, walau mita 30, na lisigeuzwe jalala. Nyumba zilizo karibu zijenge makaro yasiyovuja, yanayonyonywa kwa gari. Ramani ya mashimo hayo ipatikane kabla viwanja vingine havijapimwa huko juu.

Msomaji wako,
Tanga