Bakapu ya baiti 20 sio bakapu, mabosi tupeni muda

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na mafundi wenzangu wa kompyuta maofisini pamoja na mabosi wetu, hili jambo limenikaa rohoni. Mimi natunza seva ya SACCOS moja hapa Morogoro, akiba za walimu na manesi ziko mule, databesi ni MySQL 5.7 juu ya mfumo endeshi wa CentOS 7. Kabla yangu alikuwepo jamaa akaambiwa bakapu (nakala ya akiba ya data) iwepo leo leo, akashusha Percona XtraBackup 2.4, programu ya kuchukua bakapu za MySQL, ikagoma, inadai laibrari mbili inazozitegemea, libev.so.4 na libmysqlclient.so.18, hazipo, basi akailazimisha na rpm --nodeps, yaani iwekwe bila kujali kinachokosekana, akaondoka. Simlaumu sana, walikuwa wamemsimamia kichwani.

Ikawa kila usiku cron, programu ya kuendesha kazi kwa ratiba, inaiita xtrabackup, inakufa palepale kwa kukosa libev, lakini matokeo yake yalikuwa yanapitishwa kwenye gzip, programu ya kubana mafaili, na gzip hata usipoipa kitu inakutolea faili la baiti 20. Kwahiyo kila asubuhi faili jipya lipo na tarehe yake. Siku nilipotazama saizi mwili ulinisisimka, miezi yote ile hamna rekodi hata moja ya mwanachama iliyohifadhiwa!

Sasa dawa yake. libev inapatikana kwenye hazina ya extras ya CentOS 7, hiyo rahisi. Ugomvi wenyewe uko kwenye libmysqlclient.so.18, kwasababu XtraBackup inategemea perl-DBD-MySQL, paketi ya kuunganisha lugha ya Perl na MySQL, nayo inataka laibrari hiyo ya zamani, wakati MySQL 5.7 imekuja na libmysqlclient.so.20, yum, programu ya kuweka paketi, ikitafuta 18 inakimbilia mariadb-libs, laibrari za databesi nyingine ya MariaDB, na hiyo haikai nyumba moja na mysql-community-libs, laibrari za MySQL yenyewe. Wengi hapo ndo wanalazimisha au wanafuta laibrari za MySQL kwenye seva inayofanya kazi, jamani msifanye hivyo. Weka mysql-community-libs-compat, toleo lilelile la seva yako, yenyewe ina hiyo 18 na inakaa na 20 bila shida, alafu toa XtraBackup ya kulazimisha uiweke upya kwa yum. Kwenye skripti ya bash inayochukua bakapu ongeza set -o pipefail ili xtrabackup ikifeli ijulikane imefeli, hata kama gzip imemaliza salama. CentOS 7 muda wake uliisha Juni 30, 2024, kwahiyo yum ielekeze kwanza kwenye vault, ghala la paketi za matoleo ya zamani ya CentOS. Na anayehamia MySQL 8.0 ajue XtraBackup 2.4 haiiwezi, inatakiwa XtraBackup 8.0.

Mabosi, fundi akisema paketi zinagongana nipeni mpaka kesho, mpeni hiyo kesho. Alafu mwambieni airudishe bakapu kwenye mashine nyingine mbele yenu. Mimi nilifanya hivyo na mhasibu akiwa pembeni, tukapiga --prepare kuiandaa bakapu, tukapiga --copy-back kuirudisha mahali pake, tukawasha MySQL, akachagua mwenyewe akaunti kumi akalinganisha salio moja moja na la seva. Zote zilisoma sawa.

Fundi wa kompyuta,
Morogoro