Mjomba, maji yalikuwa yanajaa

Shikamoo mjomba. Najua barua hii utasomewa na mwanao kwenye simu, maana kila nikituma hela ya miwani inaishia kwenye mafuta ya mashine. Basi asome polepole.

Juzi nilitoka Kolkata, huku India, nikaenda Sundarbans. Treni mpaka Canning, gari mpaka Godkhali, halafu boti, na kuanzia hapo ni mikoko tu, kilomita za mraba zipatazo 10,000, sehemu kubwa ikiwa upande wa Bangladesh. Miti ni yetu ile ile. Kuna mchu na mizizi yake iliyochomoza topeni kama misumari. Mkandaa wenyewe wanauita goran. Ungefumba macho ukavuta pumzi ungesema uko Rufiji. Ila huku anayeogopwa ni chui milia, na anaogelea.

Aliyenichukua ni mvuvi ambaye kila Aprili huingia msituni kurina asali. Kabla ya kuingia, hupita kwanza kwa Bonbibi. Bon ni msitu, na bibi ni bibi huyo huyo unayemjua. Hekalu lenyewe usitegemee minara: ni kibanda ukingoni mwa mto, sakafu ya udongo, sanamu zimepakwa rangi kali. Bibi amevaa taji, amempakata mtoto, chini yake chui milia amelala kama paka. Viatu nilivua. Sikusujudu, mjomba, kwa hiyo usianze. Ingawa yule bibi, kwa hadithi yao, ni binti wa fakiri wa Kiislamu, na kitabu cha habari zake kimeandikwa kwa Kibengali lakini kinafunguliwa kutoka kulia, kama msahafu. Wahindu wanamwomba, Waislamu wanamwomba, maana chui haulizi dini.

Hakuna kuhani. Mvuvi aliweka batasa, vile vitone vya sukari vinavyoyeyuka mdomoni, akawasha ubani, akanong'ona. Nikauliza anaomba nini. Akasema haombi apate, anaahidi kutozidisha. Na mkewe, siku zote atakazokuwa msituni, hapaki mafuta wala hachani nywele. Anakaa kama mjane hadi aione boti.

Kisha akanisimulia yule mtoto wa sanamuni. Anaitwa Dukhe, yatima wa baba, maskini. Ami yake, tajiri wa asali aitwaye Dhona, akamchukua safarini na mashua saba. Mwenye msitu, Dakshin Rai, jini anayejigeuza chui, akamtokea Dhona ndotoni: nipe huyo mtoto, nikujazie mashua. Zikajaa asali. Akaambiwa mwaga, nta ina bei zaidi. Akamwaga, akapakia nta. Halafu akamtuma mtoto akaokote kuni, akang'oa nanga.

Hapo, mjomba, nilikukumbuka.

Nilikuwa na miaka tisa. Korija nne za boriti za mikoko, kila korija boriti ishirini, mtumbwi mmoja. Ukasema, kaa hapa ulinde zilizobaki, narudi sasa hivi. Ilikuwa bamvua. Maji yalinifika magotini, kisha kiunoni, nikapanda juu ya mchu na mbu wakanimaliza. Uliporudi na karabai ulikuwa kimya. Ulinipa andazi, tukapakia boriti, tukaenda. Mama hajui mpaka leo. Kama mwanao anasoma kwa sauti, sasa anajua.

Dukhe alimwita Bonbibi kama mama yake alivyomfundisha, naye akaja na kaka yake Shah Jangali, jini likapigwa likakimbia. Mtoto akarudishwa kwao mgongoni mwa mamba. Cha ajabu, bibi alimwagiza amsamehe ami yake, na mwishowe akamwoa binti wa Dhona. Mvuvi alicheka alipofika hapo, nami nikacheka, nikikumbuka kwetu wanavyosema binamu nyama ya hamu. Usihofu, wanao wote wameshaolewa.

Si kwamba nimeweka kinyongo. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye boriti hizo hizo, nalijua hilo. Ila nilipokaa pale kibandani, batasa ikiniyeyukia ulimini, nilimwona yule mtoto amepakatwa na nikahesabu upya. Mtumbwi ulibeba korija mbili na wewe. Mimi nilikuwa na uzito wa boriti ngapi, mjomba? Tatu? Nne?

Batasa nimekufungia kwenye karatasi. Nakuja mwezi wa saba. Usinijibu kwenye simu, nisubiri tukiwa mtumbwini.