Anayekwenda Ngazija kwa mara ya kwanza ajitayarishe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wa Unguja na Pemba wanaokusudia kwenda Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, kwa mara ya kwanza. Kwa kuwa mitaa yetu imejaa ndugu wenye asili ya huko, wengi wetu huichukulia safari hiyo kama ya mtu anayevuka kwenda Mkoani, Pemba, tukaondoka na begi la nguo na shilingi mfukoni, tukisahau kwamba Komoro ni nchi nyingine yenye fedha yake na desturi zake.

Shilingi ndiyo iliyonitia aibu mimi. Duka moja la kubadilishia fedha la hapa mjini lilinihakikishia kwamba ningeibadilisha nikifika, lakini nilipotua uwanja wa Hahaya, kilomita 20 hivi kaskazini ya mji mkuu, Moroni, sikumpata aliyeitaka, na fedha za viza, ambayo hutolewa hapo hapo uwanjani, ilinibidi nimkope abiria mwenzangu. Mtu na achukue yuro taslimu, tena noti ndogo ndogo, kwani mashine za kutolea fedha ni chache na maduka mengi hayapokei kadi. Thamani ya faranga ya Komoro imefungwa kwenye yuro, takriban faranga 492 kwa yuro moja, kwa hiyo anayekwambia kwamba leo bei imeanguka usimsikilize.

Lugha ina mitego kwa sababu inafanana na yetu. Nilinunua machungwa sokoni Volo Volo, na nilipomlipa yule mama akaniambia "marahaba", nikashangaa kwa kuwa sikuwa nimemwamkia. Kumbe kwao neno hilo ni ahsante. Mzee huamkiwa kwa "kwezi", naye huitika "mbona", ambayo hapa kwetu ingekuwa kama anakuuliza una nini. Ofisini hutumika zaidi Kifaransa, na asiyekijua ni bora afuatane na mwenyeji. Njaa haina haja ya mkalimani: nilipoletewa "mkatra wa futra", mkate wa mviringo uliopakwa ufuta, niliujua kwa harufu kabla ya kuuonja.

Teksi za Moroni hupakia abiria wa njia moja. Unaisimamisha, unataja uendako, na dereva akikubali unabanana na waliotangulia. Mimi siku ya kwanza nilimwambia dereva asipakie mtu mwingine, akanitoza nauli ya viti vyote, na ilikuwa haki yake.

Kuhusu msimu, kaskazi ambayo kwetu huleta joto, kwao ndiyo wakati wa mvua kubwa na vimbunga. Mwaka 2019 kimbunga Kenneth kilipiga kaskazini ya Ngazija mwishoni mwa Aprili, wakati ambao mtu angedhani hatari imekwisha kupita. Kusi ni kukavu na hewa yake nzuri, ila Julai na Agosti jamaa wanaoishi Ufaransa hurudi kwa harusi kubwa za ada, na hapo tiketi na vyumba huwa adimu. Ningemshauri mgeni aende Juni au Septemba, isipokuwa kama amealikwa harusini, maana harusi zile si za kukosa.

Kisha afya. Tumeizoea Zanzibar yenye malaria kidogo hata vijana wetu hawajui chandarua, ilhali kule malaria ipo bado. Dawa za kinga na chandarua visiachwe nyumbani. Ngazija haina mito, kwa sababu mawe ya volkano ya Karthala hunyonya maji yote, na watu wengi hutegemea maji ya mvua yaliyohifadhiwa birikani, basi mgeni na anywe ya chupa au yaliyochemshwa.

Anayetaka kwenda kisiwa cha Mwali atapata boti Chindini, kusini ya Ngazija, naye asubiri siku ambayo bahari imetulia, hata kama nahodha ana haraka. Kisiwa cha Maore (Mayotte) ni habari nyingine kabisa. Ijapokuwa watu wake ni ndugu wa visiwa vingine vitatu, iko chini ya Ufaransa na viza ya Komoro haiingizi mtu huko. Wako watakaomwambia mgeni kwamba kutoka kisiwa cha Nzwani hadi Maore ni kilomita 70 tu, na kwamba mashua za usiku huvuka bila kuulizwa karatasi. Mashua hizo zimezamisha watu wengi sana, na asiziguse hata kwa bure.

Msomaji wako,
Malindi, Unguja